Kipushi: kwa nini metali inayopulizwa juu ya chuma inabanduka, na nini inaifanya ishike

Mhimili wa pompi unatoka ku ateliye unang'aa kama mpya. Mwenye pompi analipa, anaurudisha mahali pake, maji yanapanda. Kiisha wiki tatu kelele inaanza, maji yanavuja kwa upande wa tresi, ile kamba ya kuziba. Wakifungua wanakuta lile ganda la metali limetoka vipande vipande, kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake chuma cha zamani kiko laini kabisa, kama vile hakuna kitu kilichowahi kushika pale. Njo mabishano yanaanza. Mwenye pompi anasema wamemwekea metali ya bei ya chini. Fundi anasema metali ni nzuri, pompi njo ilifungwa vibaya.

Mara nyingi wote wawili wanakosea. Metali inaweza kuwa nzuri, pompi inaweza kuwa imefungwa sawasawa, na ganda litoke tu. Sababu inapatikana katika saa mbili au tatu za kazi ambazo hakuna mteja anayeziona: zile za kabla fundi hajawasha pistole yake.

Hapa Kipushi, kilometa 30 hivi kusini-magharibi ya Lubumbashi, karibu na mpaka wa Zambia, jambo hili linagusa watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Mji huu umeishi na pompi tangu mgodi ulipofunguliwa na Union Minière miaka ya 1920, wakati ule ukiitwa mgodi wa Prince Léopold. Kisima kikuu cha Gécamines, Puits 5, kinashuka zaidi ya meta 1.200. Kwa kina kama hicho maji yanaingia usiku na mchana. Bila pompi hakuna mgodi. Kazi ya kuchimba ilisimama mwaka 1993, na mwaka 2011 pompi ziliposhindwa maji yalipanda mpaka meta 851 chini ya uso wa ardhi. Ilichukua mpaka mwisho wa mwaka 2013 kuyashusha tena hadi kituo cha meta 1.150. Mwaka 2024 mgodi ulianza tena kutoa konsantre ya zinki, chini ya KICO, kampuni ya Ivanhoe pamoja na Gécamines. Kuzunguka mgodi kuna ateliye nyingi ndogo, watu wa kusude, watu wa tour, na kuna pompi za visima vya mitaa, vinu vya unga, mashini za kuvunja mawe. Kila kitu kinachozunguka kinalika. Na chuma kipya kinatoka mbali na kinauzwa kwa dola.

Njo maana watu wanatafuta metalizasio. Ni kazi ya kuyeyusha metali na kuipuliza juu ya chuma, sawa na mtu anayepuliza rangi kwa gari. Metali inaingia kwa pistole ikiwa waya au unga. Inayeyushwa na moto wa gesi, ao na umeme unaoruka kati ya waya mbili, kiisha hewa yenye nguvu inaivunja kuwa matone madogo na kuyatupa juu ya chuma. Mtu anayetajwa kuwa baba wa kazi hii ni Max Ulrich Schoop, fundi wa Zürich huko Uswisi, aliyeianzisha karibu na mwaka 1910. Tangu wakati ule imefunika madaraja makubwa, kama lile la Forth Road huko Scotland lililofunguliwa mwaka 1964 na ambalo chuma chake kilipulizwa zinki. Na imerudishia unene mihimili isiyohesabika.

Faida yake moja inaeleweka haraka na kila mtu wa ateliye. Ukichukua mhimili mrefu uliolika na kuujaza kwa kusude, joto la arki linaukunja. Unautia tena ku tour, unakuta unacheza. Kwa metalizasio chuma chenyewe hakipandi sana joto. Fundi anayejua anakibakiza chini ya digri 150 hivi. Mhimili unabaki umenyooka.

Lakini hapo hapo njo iko shida. Katika kusude, chuma cha chini kinayeyuka na kile cha juu kinayeyuka, vinachanganyika vinakuwa kitu kimoja. Katika metalizasio chuma cha chini hakiyeyuki. Tone linafika likiwa moto, linajigonga, linapanuka na kuwa bamba dogo nyembamba kuliko unywele, linaganda kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Haliungani na chuma. Linakikamata tu. Linaingia katika vishimo na kuzunguka vilima vidogo vya uso wa chuma, kiisha likipoa linasinyaa na kubana, sawa na mkono unaoshika jiwe. Tone la pili linashika la kwanza, la tatu linashika la pili, mpaka unene unaotakiwa.

Ukielewa neno hilo moja, kukamata, karibu kila kitu kingine kinajieleza. Mkono unashika jiwe lenye makona. Haushiki jiwe laini lililopakwa mafuta.

Tuanze basi na mafuta, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinakufa. Mhimili unaotoka kwa pompi umeishi katika grisi. Desturi ya ateliye nyingi ni kuufuta kwa mazutu na kitambaa, na kwa macho unaonekana safi. Lakini mazutu yenyewe ni mafuta. Yanaondoa grisi nene na kuacha utando ambao jicho halioni. Tone la metali likianguka juu ya utando huo, mafuta yanaungua na kuacha moshi na masizi katikati ya tone na chuma. Ganda linakaa juu ya masizi. Inatakiwa dawa inayotoa mafuta na kukauka bila kuacha kitu, kitambaa kipya kila mara, na kuosha zaidi ya mara moja. Jambo hili lifanyike mbele ya kupiga mchanga, si nyuma. Ukipiga mchanga juu ya chuma chenye mafuta, unayasukuma mafuta ndani ya vishimo vile vile ulivyotaka visaidie kushika, na mchanga wako wote unachafuka. Ukiutumia kwa kazi inayofuata, unapaka ile nayo mafuta.

Chuma cha kuyeyushwa, kile cha mwili wa pompi, ni kibaya zaidi. Kina vitundu ndani kama sponji na kimenyonya mafuta miaka na miaka. Unakisafisha leo jioni, kesho asubuhi mafuta yametoka tena juu. Wanaojua kazi wanakichoma polepole mpaka digri 300 hivi ili mafuta yatoke na kuungua, wanakiacha kipoe, wanakisafisha, kiisha njo wanapiga mchanga. Kuko watu wanaoona hiyo ni kupoteza gesi. Gesi inapotea kweli, lakini kazi inayorudiwa inakula mara mbili.

Mikono pia. Ukigusa kwa kidole chuma kilichopigwa mchanga, umeacha jasho na mafuta ya ngozi, na pale pale ganda linaweza kuanzia kutoka. Fundi anayebeba mhimili uliosafishwa kwa gano chafu za kazi, hana tofauti na yule ambaye hakusafisha.

Sasa sablaji, yaani kupiga mchanga. Wengi wanafikiri kazi yake ni kutoa kutu. Kutoa kutu ni nusu tu. Nusu ya pili, na ndiyo kubwa, ni kukipasua uso wa chuma kiwe na meno. Kwa zinki na aluminiumu kipimo kinachotajwa mara nyingi ni vilima vya mikroni 50 mpaka 100 toka chini ya kishimo mpaka juu ya kilima. Mikroni 70 ni kama unene wa unywele wa mtu. Na meno hayo yawe makali. Ukitumia vidonge vya mviringo vya chuma, uso unakuwa kama barabara ya mawe ya duara: kuna kupanda na kushuka, lakini hakuna mahali pa kukamatia. Inatakiwa punje zenye makona, kama korindo ao grenayi ya chuma iliyovunjwa. Punje hizo nazo zinachoka. Kila mara zinapotumika makona yanavunjika na zinabaki vumbi na duara. Mtu anayetumia punje zile zile miezi sita anasafisha chuma, ni kweli, lakini hakichani tena.

Mchanga wa mto unapatikana bure, na njo kishawishi. Punje zake zimesuguliwa na maji mpaka zikawa duara, kwa hiyo kwa kushika hazisaidii sana. Lakini hiyo si sababu kubwa ya kuukataa. Mchanga huo ni silika. Unapopigwa kwa nguvu juu ya chuma unavunjika kuwa vumbi dogo sana ambalo linashuka mpaka chini ya mapafu na halitoki tena. Katika mji wa mgodi ugonjwa wa silikosi hauhitaji kuelezwa. Familia nyingi zina papa ao babu aliyekohoa mpaka mwisho. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi lile. Nchi kadhaa za Ulaya zilikataza mchanga wa silika kwa kazi hii miaka mingi iliyopita.

Na watu wa Lubumbashi, wanaouona kila siku ule mlima mweusi wa skori karibu na bomba kubwa, wanauliza: hiyo haiwezi? Ulimwenguni skori ya shaba kweli inauzwa kama punje za sablaji, kwa kuwa ikivunjwa ina makona makali na silika yake haiko huru kama ile ya mchanga. Lakini skori si zote sawa. Nyingine ina risasi ao arseniki ndani, na vumbi la hayo si la kuvuta. Skori ambayo haijapimwa isiletwe ku ateliye kwa sababu tu iko karibu.

Mhimili uliokomazwa kwa moto nao unaleta taabu: ni mgumu kiasi kwamba punje zinarudi bila kuukata. Huko wengine wanakereza vifuo vidogo ku tour kama nyuzi za screw, kiisha wanapiga mchanga juu yake.

Chuma kikishapigwa mchanga vizuri kina rangi ya kijivu nyeupe, sawa kila mahali, bila doa. Hapo saa inaanza kuhesabu. Uso huo uko wazi kabisa; hauna ngozi yoyote ya kuukinga, na hewa inaanza kuula papo hapo. Kanuni inayojulikana inasema usipitishe saa nne kabla ya kupuliza. Lakini saa nne ni kwa hali ya hewa kavu. Katika mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha Haut-Katanga kila mchana, saa moja inaweza kuwa nyingi. Kipimo cha kweli ni rangi: ikianza kugeuka manjano ao kahawia hata kidogo, piga mchanga tena.

Mfano wa unyevu uko kwa kila nganda. Toa chupa ya Simba katika frigo, uiweke mezani mwezi wa pili: kwa dakika moja inatoka jasho. Maji hayakutoka ndani ya chupa, yalikuwa hewani, yakagonga kitu cha baridi. Chuma kizito kilicholala usiku ku ateliye kinafanya vile vile asubuhi, ila jasho lake ni dogo mno huwezi kuliona. Kwa hiyo wanaofuata kanuni wanapima: chuma kiwe na joto la digri 3 zaidi ya ile ambayo jasho linaanza, na unyevu wa hewa usipite 85 kwa mia. Asiye na kifaa cha kupima anaweza kungoja jua lipande, na kukipasha chuma moto kidogo.

Hata kupasha moto kuna mtego wake. Moto wa asetileni wenyewe unazaa maji. Ukiuelekeza kwa chuma baridi, kwanza unaona uso unakuwa na ukungu, unatoka jasho. Fundi mwenye haraka anaona moto umepita, anaanza kupuliza juu ya maji yale. Inabidi kuendelea mpaka chuma kifike karibu digri 100 na ukungu uishe wote. Tena usipitishe: ukichoma mpaka chuma kigeuke rangi ya majani makavu ao buluu, umekitengenezea ngozi mpya ya oksidi, na kazi ya mchanga imeharibika. Ukikosa kifaa cha kupima joto, kuna chaki za joto zinazoyeyuka kwa digri fulani. Ila usiichore pale ambapo utapuliza.

Bon, hapo ndipo umeme unaingia katika hadithi. Kila mtu huku anajua namna umeme unavyokwenda bila kuaga. Kwa fundi wa metalizasio umeme ukikatika katikati ya kazi si tu kupoteza muda. Kompresa inasimama, mhimili unapoa, tabaka la kwanza linashika vumbi na unyevu, na umeme ukirudi saa tano baadaye, yeye anaendelea pale alipoachia. Macho hayaoni kitu. Lakini ndani ya ganda kuna mstari, na ganda litapasukia pale. Tabaka la juu litatoka na la chini litabaki. Mtu anayeona ganda lililotoka hivyo, nusu limebaki juu ya chuma, ajue shida ilikuwa ya kusimama katikati ao ya kupuliza. Likitoka lote mpaka chuma laini, shida ilikuwa ya kusafisha ao ya sablaji. Hiyo peke yake inaweza kumaliza mabishano mengi kati ya mteja na fundi.

Hata umeme usipokatika, ukishuka nguvu ni tatizo kwa wale wa pistole ya arki. Arki inaanza kuruka-ruka, matone yanakuwa makubwa mara madogo mara, na yale makubwa yanafika yakiwa hayana mwendo. Groupe ndogo inayobeba kompresa na pistole pamoja inaleta matokeo yale yale.

Hewa ya kompresa yenyewe ichungwe. Inatoka na maji, na kompresa ya zamani inatoka na mafuta. Kupima ni rahisi: weka karatasi nyeupe mbele ya bomba, fungua hewa kwa dakika moja. Karatasi ikiwa na doa ao unyevu, hewa ile itapaka chuma kitu kile kile ulichokitoa asubuhi. Na kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havilitaji sana: Kipushi iko juu, karibu meta 1.300 toka bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa sehemu moja juu ya nane hivi kuliko ile ya pwani. Kompresa iliyoandikwa nguvu fulani kwa kiwandani inatoa hewa pungufu huku, na matone yanakwenda polepole. Mwenye kununua achukue kubwa kidogo kuliko ile karatasi inayosema.

Mwendo wa tone ni jambo la uzito, kwa sababu tone linalojigonga kwa nguvu linajaza vishimo vizuri. Pistole ya moto wa kawaida inatupa matone kwa meta mia moja ao mia mbili kwa sekunde. Mashini kubwa zinazochoma gesi kwa shinikizo kubwa zinapita meta 500 kwa sekunde, na ganda lao linashika mara nyingi zaidi. Hizo mashini zinatumiwa na makampuni makubwa, kwa mfano kwa kufunika sehemu za pompi za tope ambazo mawe yanazisugua. Fundi wa mtaani hana hiyo, lakini ana mkono wake. Pistole ikae kati ya sentimita 10 na 20 toka kwa chuma, iangalie chuma uso kwa uso. Ukiisogeza mbali, tone linafika limeanza kuganda na linadunda. Ukiileta karibu sana, chuma kinapata joto la kupita. Ukiilaza upande, chini ya digri 45, kila kilima kinafunika kishimo kilicho nyuma yake na ganda linabaki na matundu. Inatokea sana kwa makona na kwa mabega ya mhimili, ambapo mkono unachoka na hakuna nafasi.

Kiisha kuna unene, na hapo ndipo mteja mwenyewe anaharibu kazi yake. Anafikiri akilipia ganda nene amepata kitu cha nguvu. Ni kinyume. Kila tone likipoa linasinyaa, linavuta majirani yake. Matone elfu na elfu yakivuta pamoja yanataka kujinyanyua toka kwa chuma, hasa mwishoni ambapo hakuna wa kuwashika. Kadiri ganda ni nene, mvuto huo unazidi, lakini nguvu ya kushika haiongezeki. Inafika siku mvuto unashinda. Ndiyo sababu mwisho wa sehemu inayojazwa ukatwe kwa mteremko na si kwa ukingo wima, na ndiyo sababu kujaza ndani ya tundu ni kugumu kuliko nje ya mhimili: nje, ganda linaposinyaa linaubana mhimili kama pete, ndani ya tundu, linajivuta mbali na ukuta. Metali nazo hazisinyai sawa. Chuma chenye kromu 13 kwa mia kinapendwa kwa kujaza mihimili kwa sababu kinasinyaa kidogo, wakati inoksi ya kawaida ya sahani na masufuria inasinyaa sana.

Kwa kazi nzito wanaweka kwanza tabaka jembamba la nikeli na aluminiumu, sehemu 95 kwa 5. Hizo mbili zikikutana katika moto zinawaka zenyewe na kutoa joto la ziada, kwa hiyo tone linafika moto zaidi na linashika zaidi. Ni msaada mkubwa, na linauzwa bei. Lakini mafundi wengine wanaligeuza kuwa dawa ya uvivu: wanapiga tabaka la nikeli juu ya chuma ambacho hakikupigwa mchanga. Nikeli haifuti mafuta.

Tukitaja zinki, hapa Kipushi ni lazima kusimama kidogo. Zinki njo metali inayopulizwa zaidi kwa kukinga chuma na kutu: inayeyuka kwa digri 419 tu, na inajitoa kuliwa mbele ya chuma. Ganda la mikroni 100 ao 200, likifungwa juu na rangi, linalinda tanki ao nguzo kwa miaka mingi. Ardhi ya hapa ina moja ya mawe tajiri zaidi ya zinki duniani. Lakini zinki inaondoka Kipushi ikiwa konsantre katika malori, na fundi wa Kipushi anayetaka waya wa zinki ananunua waya uliosafiri. Kilometa alizolipia ziko nyingi kuliko zinki yenyewe. Tena ajue kwamba zinki haipendi asidi. Kwa chuma kinachokaa karibu na tanki za asidi za viwanda vya shaba, zinki itayeyuka hata kama imeshika vizuri namna gani. Na moshi wake mweupe, ukiuvuta mchana, usiku unatetemeka kwa homa kama ya malaria. Watu wanameza dawa ya malaria, homa inaondoka yenyewe siku inayofuata, wanafikiri wamepona malaria. Kazi hiyo ifanyiwe mahali penye hewa inayotoka, na kwa maski ya kweli.

Hata ganda lililoshika kabisa halifanyi kila kitu. Linarudisha unene, halirudishi nguvu. Mhimili wenye ufa utabaki na ufa, umefichwa tu chini ya metali mpya, na siku utakapokatika utakatika. Meno ya gia, mahali pa kugongwa na nyundo, nyuzi za screw: hapo metalizasio haifai. Fundi anayekubali kazi hizo, ama hajui, ama ana njaa.

Mteja afanye nini, wakati ganda lote likishasafishwa ku tour linang'aa sawa? Viwandani wanagundisha kitu kama kizibo juu ya ganda na kukivuta kwa mashini mpaka kitoke, wanasoma nguvu. Mashini hiyo haiko kila mahali. Kwa zinki kuna njia ya kisu: kukata mistari mpaka chuma kionekane, miraba ya milimita 3, ao 5 kama ganda linapita mikroni 200, kiisha kubandika skoch yenye nguvu na kuivuta, mraba usitoke na chuma. Lakini huwezi kukata mhimili wa mtu kwa kisu. Kwa hiyo njia inayofaa ni kumwomba fundi, kwa heshima, «papa, tia na hiki kipande pembeni»: kibao kidogo cha chuma kinachosafishwa pamoja, kinachopigwa mchanga pamoja, kinachopulizwa siku ile ile na pistole ile ile. Mkimaliza mnakifunga katika etau na kukikunja. Ganda likipasuka nyufa ndogo juu ya mkunjo, hiyo ni kawaida. Likinyanyuka kama gome la mti, mhimili ule usirudi ku pompi.